Nilisema Pizza ni Moto, Kumbe Ilikuwa Baridi

Acha nianze kwa kuungama. Mwezi uliopita niliweka picha ya pizza kwenye ukurasa wangu na kuandika neno moja tu: "Moto!" Wasee waliipenda. Kufikia usiku ilikuwa imezipita picha zangu zote, hata ile ya ng'ombe aliyeingia kwenye duka la simu hapa Nyakoe akakataa kutoka. Shida ni kwamba nilipoandika neno hilo sikuwa nimeonja pizza yenyewe. Na nilipoionja, ilikuwa baridi.

Ningenyamaza, na kusema kweli nilikuwa nimeshanyamaza. Halafu siku tisa baadaye kijana mmoja wa huku kwetu akanitumia ujumbe. Ni mwanagenzi kwa fundi wa pikipiki, analipwa kwa siku, na siku zingine halipwi. Dadake alikuwa amepata barua ya kujiunga na chuo, ya kwanza kuingia nyumbani kwao. Akaweka akiba kidogo kidogo hadi ikafika 1,800 ili ampeleke mahali pazuri. Alipatoa wapi hapo mahali pazuri? Kwenye picha yangu.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Nauli ya watu wawili kutoka Nyakoe hadi Kisii mjini, 100. Pizza kubwa moja, 1,450. Soda mbili, 240. Zikabaki shilingi 10. Hawakujua kuna siku ya ofa, kwa sababu mimi niliyeenda siku ya ofa sikuitaja. Hawakujua soda huko ni mara mbili ya bei ya dukani, kwa sababu hilo pia sikulitaja. Walirudi Nyakoe kwa miguu, giza likiingia, malori ya barabara ya Kisumu yakiwapita. Hakunitukana. Aliandika tu: "Bro, ulisema ni moto."

Kwa hivyo leo naandika upya, vile nilipaswa kuandika mara ya kwanza. Ni mkahawa wa pizza wenye matawi nchi nzima, wa zile nembo unazozijua hata kama hujawahi kuingia. Jina nitaliacha. Tawi moja siku moja si kampuni nzima, halafu kosa kubwa katika hadithi hii si la mpishi.

Mara ya kwanza nilienda na mathe. Mamangu anauza ndizi hapa sokoni Nyakoe, na kwa miaka yote ambayo nimekuwa nikijiita mwandishi wa chakula alikuwa hajawahi kuketi na mimi kwenye hoteli yoyote ninayoiandika. Siku hiyo nilikuwa nimelipwa doo kidogo na kinyozi niliyemtengenezea tangazo. Nikamwambia, "Mama, vaa, tunaenda mjini."

Siku ya ofa si siku ya kwenda na mtu mzima. Foleni ilifika mlangoni. Nusu yake ilikuwa wanafunzi wa chuo, wanne wanne, wamechanga pesa na mmoja ameshika simu ya kulipa kwa M-Pesa. Tulisubiri dakika hamsini. Msichana wa kaunta alikuwa na watu ishirini mbele yake na simu mbili zikilia, lakini alimwona mathe amesimama, akamtafutia kiti. "Mama, keti hapa, nitakuletea mwenyewe." Akaleta kweli. Kama ningeulizwa ni nini kilikuwa moto siku hiyo, ningemtaja yeye.

Sanduku mbili zikafika. Nikafungua ya kwanza, mvuke ukatoka kidogo, na hapo ndipo nilipoharibu mambo. Nilimwambia mathe asubiri. Nikasogeza meza karibu na dirisha nipate mwanga. Nikapiga picha kutoka juu, kutoka upande, nikainua kipande ili jibini ivutike. Haikuvutika vizuri, nikainua kingine. Nikaandika "Moto!", nikatuma. Nilipoweka simu chini, mathe alikuwa amekunja mikono juu ya mapaja kama mtu aliye kanisani.

Akaonja. Akatafuna polepole. Akasema, "Mbuya." Nzuri. Lakini wewe kama umelelewa Gusii unajua kuna mbuya za aina mbili, na hii ilikuwa ile anayoitoa akipewa chai isiyo na sukari ugenini.

Baada ya ujumbe wa yule kijana nilirudi peke yangu, katikati ya wiki, hakuna ofa, simu mfukoni. Niliagiza pizza ya kuku ya saizi ya kati, 950, na chipsi, 250. Nikala wakati ule ule ilipotua mezani. Na hii sasa ndiyo tathmini.

Mkate: mnene, laini, una utamu wa mbali kama mandazi ya asubuhi. Ukingo ndio sehemu nzuri zaidi, unatafunika, haukauki upesi. Chini umepauka. Mimi napenda pizza ikiwa na alama za moto chini, zile doa za kahawia, kama chapati iliyojua sufuria. Hii haikuwa nazo. Imeiva, lakini haijachomeka.

Jibini: hawakuibania, lazima niseme. Ikiwa moto inavutika na kujaza mdomo. Lakini ina saa yake. Ukipita kama dakika kumi, inakaza na kuwa kama mpira wa baiskeli. Kwa hivyo ile pizza ya kwanza sikupewa baridi. Mimi ndimi niliyeipoza.

Sosi: tamu kupita kiasi. Nyanya inajificha nyuma ya sukari. Ukila vipande viwili ni sawa, cha tatu unaanza kutafuta pilipili.

Kuku: nilihesabu. Kila kipande cha pizza kilikuwa na nyama mbili, ndogo, zilizokatwa mraba, na kimoja hakikuwa na kitu. Ladha ni ya viungo, si ya kuku. Ukinifunga macho sitajua kama ni kuku au ni kitu kingine kilichopitia viungo hivyo hivyo. Pilipili hoho na kitunguu zilikuwa freshi, zinavunjika mdomoni.

Chipsi: msinunue. Zililegea kama zimepokea habari mbaya. Jamaa wa chipsi pale stejini anazikaanga mbele yako kwa 100, na anakupa nyingi zaidi.

Kwa jumla, pizza ni chakula cha wastani kinachokuwa kizuri kwa dakika kumi. Kuna siku hicho kinatosha. Sisemi watu wasiende.

Ila bei ndiyo inayohitaji mazungumzo marefu, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi wanaumia kimyakimya. Siku ya ofa pizza kubwa mbili zinakuja kwa 1,450. Hivyo ni vipande 16, karibu bob 90 kila kipande. Mkiwa wanne, kila mtu anatoa kama 360 na anakula vipande vinne. Hiyo ni haki. Lakini ukienda siku ya kawaida, kipande hicho hicho kinakuwa zaidi ya bob 180. Na ukienda wawili siku ya ofa, kama mimi na mathe, unajikuta umenunua vipande 16 vya kuliwa na watu wenye matumbo ya vipande sita. Vingine unabeba. Na kubeba pia kunalipiwa, sanduku za kubebea zilikuwa 50 kila moja. Ofa inakuwa nafuu tu kama kweli ulikuwa unahitaji pizza mbili.

Yetu ilifika 1,990 pamoja na soda, sanduku na nauli ya kwenda na kurudi. Kwenye matatu nilimwambia mathe jumla hiyo nikijivuna kidogo, kama mtu aliyegharimika. Akaangalia dirishani. Halafu akasema, "Mikungu mitano." Hakuwa analaumu. Yeye pesa yoyote hupima kwa mikungu, na siku hiyo mkungu mzuri ulikuwa 400. Mimi nilisikia mikungu mitano ikitoka shambani kichwani kwake, ikipanda kwenye mkokoteni, na kuishia ndani ya sanduku la karatasi.

Kwa pesa hizo, kibanda ninachokula hapa Nyakoe kingetulisha sahani 13. Sahani ni 150: obokima ya wimbi, chinsaga iliyolazwa na maziwa hadi uchungu ukatulia, na kipande cha samaki au matumbo. Hakuna mtu aliyewahi kuniona nikipiga picha sahani hiyo. Hata mimi sijawahi kujiona.

Hapo kuna jambo ambalo nimelikwepa muda mrefu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikasema narudi muhula ujao, na muhula ujao haukufika. Wenzangu wakaanza kuweka picha za mahafali. Mimi nikaanza kuweka picha za chakula. Kila sanduku la pizza, kila kikombe cha kahawa chenye ua juu, kilikuwa kinasema: huyu hajaisha, huyu bado yuko. Pizza ile sikuipiga picha kwa sababu ilikuwa tamu. Niliipiga picha kwa sababu ilikuwa pizza. Na najua siko peke yangu. Nimeona watu kwenye mkahawa ule ule wakipiga picha na sanduku la meza ya jirani.

Cha kuchekesha ni kwamba pizza haikuanza kama chakula cha mabwana. Kule Naples, Italia, ilikuwa chakula cha watu wa hali ya chini, inauzwa barabarani kwa mtu asiye na muda wala pesa ya kuketi. Ilikuwa mutura yao. Mwaka wa 2017 UNESCO iliingiza ufundi wa wapishi wa pizza wa Naples kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia. Hawakuwa wameionea aibu, ndiyo maana ilifika huko. Sisi chinsaga tuliiita chakula cha ushago mpaka tulipoanza kuiona kwenye menyu za hoteli za Nairobi kwa bei ya kushangaza.

Na kila mahali ilipokwenda, pizza ilikula ilichokikuta. Ile ya nanasi inayoitwa Hawaiian haikutoka Hawaii wala Italia. Iliundwa mwaka wa 1962 kule Ontario, Canada, na Sam Panopoulos, mzaliwa wa Ugiriki, aliyejaribu tu kuweka nanasi la mkebe juu ya pizza. Watu wanaigombania mpaka leo, lakini wanaila.

Sasa rudi Kisii. Tukiwa mezani, mathe aliinua kipande, akakiangalia, akauliza: "Nyanya hizi wanazitoa wapi?" Hakuwa na ubaya. Ni swali la mtu wa soko. Nilimuuliza yule msichana wa kaunta, naye hakujua, na si kazi yake kujua. Lakini swali lilibaki pale mezani. Mji huu umezungukwa na parachichi, ndizi, maziwa, kuku wa kienyeji na mboga ambazo malori huja kuzibeba. Menyu niliyoshika ingeweza kuwa ya mji wowote duniani. Hakuna mstari hata mmoja uliojua uko Gusii.

Mtanijibu kwamba hiyo ndiyo kazi ya mkahawa wenye matawi mengi. Mtu akila Mombasa Jumatatu na Kisii Ijumaa, apate ladha ile ile. Nakubali, hilo lina thamani. Ukiwa mgeni mjini, unajua utakachopata na hutaugua tumbo. Lakini kufanana huko kuna gharama. Mnakumbuka Januari 2022, KFC hapa Kenya ilipoishiwa na chipsi kwa sababu shehena ya viazi ilichelewa melini? Viazi, katika nchi yenye Nyandarua na Meru! Kampuni ilieleza kwamba viazi vyake lazima vipite ukaguzi wa ubora wake wa kimataifa. Wakenya wakawaka mtandaoni, na kampuni ikasema itaanza kutafuta wakulima wa hapa nchini. Haikuhitaji mapinduzi. Ilihitaji wateja waulize swali lile la mathe, wengi kwa pamoja.

Kwa hivyo mimi siombi mkahawa ufungwe, wala simwambii mtu ale obokima kila siku kwa uzalendo. Vijana wamepata kazi pale, akiwemo yule msichana aliyemkumbuka mamangu. Naomba vitu viwili. Kwa wenye mkahawa: wekeni kitu kimoja chetu kwenye menyu. Kimoja tu. Pizza ya kuku wa kienyeji na chinsaga, tuone. Kama haitanunuliwa, iondoeni, hatutalia. Na mkiandika bei ya ofa kwa herufi kubwa, andikeni na bei ya sanduku kwa herufi hizo hizo.

Ombi la pili ni letu sisi tunaoandika na kupiga picha. Onja kwanza. Sema bei yote, si ile ya bango. Sema ulienda siku gani. Ukilishwa bure, sema umelishwa bure. Kwa sababu kuna mtu upande ule mwingine wa simu ambaye hana pesa ya kujaribu mara mbili. Mimi nikikosea, nina posti nyingine kesho. Yeye akikosea, anatembea kutoka mjini hadi Nyakoe na dadake aliyepaswa kufurahi.

Yule kijana nilimtafuta. Nilitaka kumrudishia pesa, hata nusu, akakataa. Aliniambia dadake anasema ile safari ya miguu ilikuwa nzuri kuliko pizza, walicheka njia nzima. Sijui kama ni kweli au alikuwa ananihurumia. Halafu akasema, "We andika tu vile ilikuwa."

Basi vile ilikuwa ni hivi. Mkate, 7 kwa 10. Jibini, 7 kwa dakika kumi za kwanza, baada ya hapo 3. Sosi, 5. Kuku, 4. Chipsi, 2. Huduma, 9. Bei siku ya ofa mkiwa wanne, 8. Bei siku ya kawaida mkiwa wawili, 3. Nenda na watu, uliza siku ya ofa kabla hujapanda matatu, kunywa soda yako ukitoka, na hakikisha nauli ya kurudi iko kwenye mfuko mwingine.

Na mimi picha ile nimeifuta. Wiki ijayo naanzia kile kibanda cha obokima. Mathe amesema atakuja, kwa sharti kwamba nile kwanza.